M Tano za Mwajabu

Mwajabu anakaa stesheni. Si kwamba anasubiri treni. Anakaa pale pale, kwa sababu mama yake ndiye stesheni masta wa Kwembegu.

Kwembegu ni stesheni ndogo. Ina benchi moja, kengele moja, na mbuzi mmoja anayelala chini ya benchi.

Lakini msimu wa matunda ukifika, weee! Kwembegu yote hunukia.

Wakulima huja na baiskeli. Huja na mikokoteni. Matenga ya matunda hupangwa hapa, hupangwa pale, mpaka mbuzi anakosa pa kulala.

Kisha huja mabehewa ya matunda. Ni meusi, makubwa, na ubavuni yana matundu ya kuingiza upepo. Matunda nayo hupumua, ati. Ukiyanyima hewa, yanaoza.

Mwajabu ana wimbo wa mabehewa hayo. Huuimba akiruka kwa mguu mmoja.

"Matunda ndani,
matundu ubavuni!
Matunda ndani,
matundu ubavuni!"

Haya, na wewe uimbe, haraka haraka. Ulimi umeteleza? Usijali, hata wa Mwajabu huteleza.

Mwajabu ana miaka mitano. Anajua kuhesabu mpaka ishirini. Anajua kufunga kamba za viatu, kidogo. Na anajua herufi moja.

Moja tu! Herufi hiyo ni M.

"M ya Mama," husema Mwajabu. "M ya Mjomba. M ya Mwajabu!"

Basi asubuhi moja, Mjomba Hoza alipakia mabehewa matano. Alibeba tenga hili, akabeba tenga lile. Jasho lilimtoka mpaka kwenye visigino.

Kila behewa lilipojaa, alisukuma mlango. Kwaaang! Akaufunga kwa lakiri, kifungo cha waya ambacho hakifunguliwi mpaka behewa lifike liendako.

Halafu akachukua chaki. Akaandika ubavuni mwa kila behewa.

Machungwa. Maembe. Mananasi. Mapapai. Machenza.

Mwajabu alimfuata nyuma, mikono mgongoni, kama mkaguzi.

"Mjomba! Hapa pana M!"

"Ndiyo."

"Na hapa pana M! Na hapa! Na hapa! Na hapa!"

"Ndiyo, mama. Yote yana M."

"M yangu!" akasema Mwajabu.

Kisha akauliza, "Mjomba, hayo maneno yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda na treni. Korogwe. Mombo. Same. Moshi. Mpaka Arusha."

"Yanapanda treni bila tiketi?"

"Bila tiketi," akasema Mjomba Hoza. "Wala hakuna anayeyauliza."

Mwajabu hajawahi kufika Arusha. Hata Mombo hajafika. Akatamani sana mwandiko wake upande treni. Alitamani mpaka akashindwa kusimama mahali pamoja.

Akakimbia ofisini. "Mama, na mimi niandike kwenye behewa?"

"Ukijua kuandika, mwandiko wako utapanda treni," akasema Mama.

"Nitajua lini?"

"Siku hazigandi, mwanangu."

Mara, kutoka mbali, sauti ikaja.

Chuku-chuku, chuku-chuku, chuku-chuku, poooo!

Kilikuwa kichwa cha treni. Watu wa reli huita hivyo ile injini inayovuta. Kichwa.

Ndani yake alikaa dereva, Mzee Semboja. Siku hiyo alikuwa na mafua makali.

"Shikamoo, mzee!" akasema Mwajabu.

"Mara... mara... maraha... chyaaa!" akasema Mzee Semboja. "Marahaba."

Kichwa kikaanza kuyapanga mabehewa. Kikayasukuma huku, kikayavuta kule. La mbele likaenda nyuma. La nyuma likaingia katikati.

Kwang! Kwang! Kwang! Yote yakaungana.

Ndipo mvua ikashuka. Chwaaaa! Haikupiga hata hodi.

Mjomba Hoza akakimbilia ofisini. Mzee Semboja akakimbilia ofisini. Mwajabu akakimbilia ofisini. Mbuzi alikuwa ameshafika zamani.

Mama akampa Mzee Semboja chai ya tangawizi. Wote wakangoja.

Mvua ikakatika. Mwajabu akawa wa kwanza kutoka nje. Akayatazama mabehewa.

Lo! Maneno hayapo! Maji meupe yalikuwa yakidondoka chini, to, to, to.

Mwajabu akageuka. Mama alikuwa anaongea na simu. Mjomba alikuwa anakamua shati. Mzee Semboja alikuwa anapuliza chai yake, fuuu, fuuu.

Na chaki ya Mjomba ilikuwa pale dirishani, ndefu na kavu.

"Maneno yote yalikuwa na M," akawaza Mwajabu. "Na M naijua mimi."

Mnaona mambo yanakokwenda? Mimi naona. Mwajabu hakuona hata kidogo.

Akachukua chaki. Akavuta tenga tupu, akapanda juu yake. Akalipangusa behewa kwa gauni lake mpaka likakauka.

Kisha akaandika. Juu, chini, juu, chini. M!

M yenyewe ilikuwa kubwa kuliko Mwajabu mwenyewe.

Akaenda behewa la pili. Juu, chini, juu, chini. M!

La tatu. Juu, chini, juu, chini. M!

La nne. Juu, chini, juu, chini. M!

La tano. Juu, chini, juu, chini. M!

Mkono uliuma. Gauni lilikuwa jeusi tii. Moyo ulikuwa mweupe kwa furaha.

"Mama! Mjomba! Njooni muone! Nimeandika yote!"

Wote wakatoka. Wakatazama.

M. M. M. M. M.

Mama akashika mdomo. Mjomba Hoza akakaa juu ya tenga.

"Mwajabu," akauliza Mama taratibu, "behewa la machungwa ni lipi?"

"Lile lenye M," akasema Mwajabu.

"Na la maembe?"

"Lile lenye M."

"Na la mapapai?"

Mwajabu akayatazama mabehewa yote matano.

"Ooo," akasema Mwajabu.

Mama akamgeukia Mjomba. "Wewe ndiye uliyepakia. Hukumbuki?"

"Nilikuwa nakumbuka vizuri," akasema Mjomba Hoza. "Halafu kichwa kikayachanganya."

Wakachungulia kwenye matundu. Ndani kulikuwa na giza tupu. Na milango ilikuwa imefungwa kwa lakiri.

Mzee Semboja akakuna sikio. "Mimi naacha behewa moja kila stesheni," akasema. "Bila alama nitajuaje la kuacha wapi? Mapapai yakipitilizwa, yatakuwa uji. Siwezi. Saa kumi ikifika, naondoka na kichwa kitupu."

Mwajabu akakitazama kichwa cha Mzee Semboja. Kofia ipo. Masikio yapo. Hakikuwa kitupu hata kidogo.

Lakini hakucheka, kwa sababu Mama hakucheka.

"Na matunda yetu?" akauliza Mwajabu.

"Treni nyingine inakuja wiki ijayo," akasema Mama. "Joto hili, mwanangu... yataoza yote."

Yote! Matenga yote! Jasho lote la wakulima!

Machozi yakamtoka Mwajabu. "Ni mimi," akasema. "Nimeharibu mimi."

Mama akachuchumaa mbele yake. Akamfuta machozi kwa ncha ya khanga.

"M yako haina kosa," akasema Mama. "Yote yana M, umesema kweli. Ila M peke yake haitoshi."

Mwajabu akavuta kamasi. Fyuuu! Akavuta tena. Fyuuu!

Akatulia. Kitu gani hicho puani?

Mwajabu ni mfupi. Pua yake ilikuwa sawasawa na tundu la chini kabisa la behewa. Na upepo ulikuwa unatoka ndani.

"Nanasi!" akasema Mwajabu.

Mjomba Hoza akainama mpaka magoti yakalia ko! Akanusa. "Haki ya Mungu! Nanasi!"

Mama akanusa. "Nanasi!"

Mzee Semboja akanusa. "Sisikii harufu yoyote. Chyaaa!"

"Basi pua zetu zitatosha," akasema Mama. "Tumnusie, tumwandikie. Chaki iko wapi?"

Mwajabu akafungua kiganja polepole. Chaki ilikuwa imeliwa na zile M kubwa. Kilichobaki kilikuwa kidogo kama jino la maziwa.

"Hoza, kuna nyingine?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho."

"Tuandike kwa mkaa?" akauliza Mwajabu.

"Behewa jeusi, mkaa mweusi," akasema Mjomba. "Nani ataona?"

Mama akaitazama ile chaki. "Hapa zinatoka herufi tano, basi. Herufi moja kwa kila behewa."

"Haya, herufi ya kwanza," akasema Mjomba Hoza. "Mananasi. Inaanza na... M."

Mama akaitazama chaki tena.

"Maembe?" akauliza Mama.

"M," akasema Mwajabu kwa sauti ndogo.

"Mapapai, M! Machungwa, M! Machenza, M!" akasema Mjomba. "Tumerudi pale pale! Sasa mwenye kichwa kitupu ni mimi."

Saa ya ofisini ikalia. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Mwajabu akarudi kwenye tundu lake. Akanusa tena, labda matunda yatasema kitu.

"Nanasi," akasema. "Na-na-si."

Akaacha kunusa.

"Mama! M imekwenda wapi?"

"M ipi?"

"M ya mananasi! Nimesema nanasi, M haipo!"

Mama akasimama wima. "Yakiwa mengi ni mananasi," akasema. "Likiwa moja ni nanasi."

"Na mapapai, likiwa moja?"

"Papai!"

"M haipo!" Mwajabu akaruka juu. Akaanza kuimba, na wimbo huu ulikuwa mpya kabisa.

"Yakiwa mengi, yana M!
Likiwa moja, halina M!"

Mjomba Hoza akatikisa kichwa. "Miaka yote hii nayapakia," akasema, "na sikuwahi kulisikia hilo."

"Haya, mbio!" akasema Mama. "Nanasi linaanza na N."

"N siijui," akasema Mwajabu.

Mama akachora kwa kidole kwenye mchanga wenye maji. "N ni M iliyopungua mguu. Juu, chini, juu. Basi."

Mwajabu akaandika chini ya M yake kubwa. Juu, chini, juu. N!

Wakakimbilia behewa la pili. Mwajabu akanusa. "Mmmm! Embe!"

Mama akachora E mchangani, mgongo mmoja na vidole vitatu. Mwajabu akaandika. E!

"Yakiwa mengi, yana M!
Likiwa moja, halina M!"

Behewa la tatu. Mwajabu akanusa. Akaziba pua. "Phiii! Soksi za Mjomba!"

"Hilo ni papai," akasema Mama.

"Soksi zangu zimefanya nini tena?" akauliza Mjomba Hoza.

Mama akachora P. Mwajabu akaandika. P!

Yalibaki mawili. Na saa kumi ilikuwa imekaribia.

Mwajabu akanusa la nne. Akanusa la tano. Akarudi la nne. Akaenda la tano. Akasimama katikati.

"Yananukia kama ndugu," akasema.

Kweli ni ndugu hao, chungwa na chenza. Hata Mama alinusa akashindwa. Mjomba alinusa akashindwa. Mzee Semboja alipiga chafya.

Mwajabu akafikiri. Asubuhi alikula machenza matatu. Akanawa mikono, na harufu haikutoka. Chenza ndivyo lilivyo, haliagi upesi.

Akanusa vidole vyake. Akanusa behewa la nne. Hapana.

Akanusa vidole. Akanusa behewa la tano. Ndiyo!

"Hili ni chenza!" akapiga kelele. "Na lile ni chungwa!"

Mama akachora C kwenye mchanga. "C ni duara lililosahau kufunga mlango."

Mwajabu akaandika kwenye behewa la machungwa. C! Nzuri, ya duara, kubwa.

"Na chenza, Mama?"

Mama akafungua kinywa. "Chenza ni... C."

"C na C!" akasema Mzee Semboja. "Moja ya Moshi, moja ya Arusha! Nitazitofautishaje?"

Hapo kila mtu alichoka. Mjomba Hoza aliinua mkono ashike kengele. Saa kumi kasoro dakika tano.

Mwajabu akatazama chaki. Ilikuwa imebaki punje. Akatazama C kubwa. Akatazama vidole vyake vinavyonukia.

"Chungwa ni kubwa," akasema. "Chenza ni dogo."

Akapanda juu ya tenga. Akashika ile punje kwa kucha. Akaandika c ndogo, ndogo, ndogo. Chaki ikaisha pale pale.

Mzee Semboja akavaa miwani. Akatembea kutoka behewa la kwanza mpaka la mwisho, akisoma kwa sauti.

"N, nanasi. Mombo. E, embe. Korogwe. P, papai. Same. C kubwa, chungwa. Moshi. Na c ndogo... c ndogo... ipo wapi? Ahaa! Chenza. Arusha!"

Akavua miwani. "Nimesoma yote," akasema. "Mjukuu wangu, umeandika vizuri."

Mwajabu alicheka, meno yote nje.

Mjomba akapiga kengele. Ngeree! Ngeree! Mama akainua bendera ya kijani.

Chuku-chuku, chuku-chuku, chuku-chuku, poooo!

M tano zikapita mbele ya Mwajabu. Na N ikapita. Na E, na P, na C kubwa. Mwisho kabisa ikapita c ndogo. Mwajabu akaipungia mkono mpaka treni ikapotea kwenye kona.

"Kwaheri, mwandiko wangu!" akasema.

Jioni ile simu ya stesheni ililia. Korogwe wamepata maembe.

Baadaye Mombo wakapiga. Mananasi yamefika. Asubuhi wakapiga Same, mapapai yamefika. Mchana wakapiga Moshi, machungwa yamefika.

Arusha hawakupiga.

Mwajabu akakaa karibu na simu. Hakwenda kucheza. Chakula chake akaletewa pale pale. "Labda c yangu imepotea njiani," akasema. "Ilikuwa ndogo sana."

Jua lilipokaribia kuzama, simu ikalia. Ngrrr! Ngrrr!

"Kwembegu? Hapa Arusha. Machenza yamefika, na ni mazuri kweli. Lakini ni nani huko anayeandika c ndogo kama chawa? Tumeitafuta mpaka macho yametutoka!"

Mama akampa Mwajabu simu.

"Ni mimi," akasema Mwajabu.

"Wewe nani?"

"Mwajabu. Nina miaka mitano."

Simu ikacheka, kicheko kizuri, kirefu.

"Basi, Mwajabu," ikasema sauti ya Arusha, "mwandiko wako tumeusoma."

Mwajabu akaweka simu chini. Akazunguka benchi mara tatu akikimbia. Mbuzi akainuka, akaenda kulala kwingine.

Ulipofika wakati wa kulala, Mama alimfunika Mwajabu shuka. Akachomekea neti.

"Mama," akasema Mwajabu.

"Mmm?"

"Mimi ni mmoja tu, sivyo?"

"Ni mmoja tu."

"Likiwa moja, halina M. Sasa mbona mimi nina M?"

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Akafikiri kidogo.

"Hayo ni ya matunda," akasema. "Watu ni kinyume chake. Mtu mmoja ana M. Mtoto mmoja ana M. Wakiwa wengi, watu, watoto, ndipo M inaondoka."

Mwajabu akajaribu kimyakimya. Mtoto, watoto. Mjomba, wajomba. Kweli kabisa.

Halafu akafungua macho wazi.

"Na mama je? Mama wakiwa wengi?"

"Mama mmoja, ni mama," akasema Mama. "Mama wengi, ni mama. M ya mama haiendi popote."

Mwajabu akamshika Mama mkono. Mkono ulinukia machenza.

"Haiendi popote," akasema Mwajabu.

Akalala usingizi.